Msemaji wa Meli: Yowe la Igalula

"Mwanangu weee!"

Yowe hilo tumelala nalo wiki nzima, msomaji, wewe huko kwako na mimi hapa mezani kwangu. Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, shika haya machache. Gaudensia, msemaji wa kampuni moja ya meli ya Dar es Salaam, amefika Igalula nyumbani kwa baharia Zablon. Meli yao, MV Ndala, imepigwa na ndege isiyo na rubani kule Bahari ya Shamu. Gaudensia amemshika mikono Recheli, mama yake Zablon, akamwambia maneno aliyokuwa akiyafanyia mazoezi garini tangu Tabora mjini: "Mama, Zablon ameumia, lakini yuko hai na anaendelea vizuri."

Recheli akapiga yowe, akaanguka.

Msomaji mmoja wa Nzega kanipigia simu. "Mwandishi, huyo mama ni kiziwi? Kaambiwa mtoto yuko hai, analia nini?"

Ndugu yangu wa Nzega, nawe unaniuliza hivyo? Siku ulipoletewa habari za baba yako, uliambiwa mzee amekufa, au uliambiwa, "Njoo nyumbani haraka, mzee hali yake si nzuri"? Haya, nyamaza basi tuendelee.

Gaudensia alipiga magoti pale chini vumbini.

"Mama! Mama, hujanielewa. Yuko hai!"

"Nimekuelewa, mwanangu," Recheli alisema huku akijigaragaza. "Nimekuelewa. Mungu akubariki kwa kuja. Zabloni wangu weee!"

Wanawake wa jirani walikuwa wamekwisha fika. Nani kawaita? Hakuna aliyewaita. Waliona gari geni asubuhi, wakamwona Mchungaji Masolwa akishuka kwenye gari hilo na Biblia kwapani, kisha wakaona mfuko wa mchele na sukari ukitolewa kwenye buti. Hapo mtu mzima anahitaji kuambiwa nini tena? Mmoja alikuja na kuni kichwani. Mwingine alikuwa tayari anafagia uwanja.

Mchungaji, Gaudensia alimchukua kwa heshima tu, asiingie kwa watu kama mwizi. Mchele na sukari alivinunua kwa adabu, kwa sababu mtoto aliyelelewa Isevya, Tabora mjini, haendi kwa mama wa mtu mikono mitupu. Kila alichofanya alikifanya vizuri, na vyote kwa pamoja vilimuua Zablon.

"Mchungaji," alimnong'oneza, "waambie basi. Wewe watakusikiliza."

Mchungaji Masolwa alimtazama kwa huruma. "Binti, tuwaache kwanza walie. Ukishalia ndipo unaweza kusikia."

"Wasikie nini? Hajafa!"

"Ndiyo, ndiyo," mchungaji alisema taratibu, akimpigapiga bega. "Umelisema vizuri sana. Hata mimi nisingeweza kulisema vizuri hivyo."

Gaudensia alimkodolea macho. Kumbe hata huyu! Wametoka naye Tabora mjini, wameruka naye mashimo yote ya barabara ile, amemweleza kila kitu, na muda wote mtu alikuwa akiitikia kwa kichwa akijua anakwenda kwenye msiba.

Alichoka. Nasema alichoka, msomaji, wala si uchovu wa safari. Tangu meli ipigwe alikuwa hajalala usingizi wa maana. Alikuwa ameandika taarifa kwa vyombo vya habari mpaka maneno yakamkinai: tunasikitika, tunafuatilia kwa karibu, usalama wa mabaharia wetu ndio kipaumbele chetu. Sasa amekuja kusema jambo moja la kweli kwa mdomo wake mwenyewe, nalo limekataa kuaminika.

Mkono ulimgusa. Alikuwa Silasi, mdogo wa marehemu baba yake Zablon, mzee mrefu mwenye koti la kijivu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo huku pembeni."

Walisimama karibu na banda la kukaushia tumbaku. Silasi alikohoa.

"Kule kwa akina mama umefanya vizuri. Mwanamke haambiwi ghafla. Lakini mimi ni mwanaume, na ndiye baba wa Zablon kwa sasa. Niambie. Mwili unakuja lini?"

"Baba, hakuna mwili!"

Silasi alishika ukuta wa banda. "Haukupatikana?"

"Sijasema hivyo!"

"Bahari imemchukua?"

"Baba Silasi, nisikilize. Zablon hajafa. Kwenye taarifa yetu tumesema wazi, mabaharia wote wanajulikana walipo."

Mzee alifikiri. Kisha alinyoosha kidole nyuma ya nyumba, kwenye kaburi lenye msalaba wa saruji.

"Hata kaka yangu anajulikana alipo. Yuko pale."

Gaudensia alifumba macho. Sentensi ile aliiandika yeye. Aliichagua baada ya kukataa nyingine nyingi, akaipenda kwa sababu ilikuwa kweli na haikumfunga mtu. Mkurugenzi aliisifu. Sasa mzee wa Igalula ameishika mguu mmoja na kuinyonyoa kama kuku.

"Binti," Silasi aliendelea, bila hasira, "sisi tumekaa kwenye njia ile ya zamani ya kwenda pwani. Babu zetu walibeba mizigo ya watu. Wengine hawakurudi. Wenzao wakirudi, walikuwa wanafika nyumbani kwa mtu, wanakaa, wanakunywa maji, ndipo wanasema, 'Mwenzetu tumemwacha njiani, anaumwa kidogo, anatufuata.' Basi. Mama mtu analia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufuata. Kwa hiyo wewe usijitese. Habari imefika."

Akageuka, akaenda zake kuwatafuta vijana.

Huko uwanjani turubai la bluu lilikuwa linapandishwa. Kijana mmoja aliyepanda juu ya kreti la soda kufunga kamba alishuka, akalipiga picha kwa simu yake, akaandika maneno. Usimlaani bure. Alikuwa amesoma na Zablon shule ya msingi, na aliandika huku machozi yanamtoka. Lakini picha haina machozi. Picha ina turubai, ina wanawake wamekaa chini, na kwa pembeni ina gari lenye nembo ya kampuni ya meli mlangoni.

Haikuchukua muda simu ya Gaudensia kulia.

"Gaudensia!" Alikuwa Nasri, bosi wake, mtu wa Ujiji ambaye siku zote huongea polepole. Leo hakuongea polepole. "Uko wapi?"

"Igalula, bosi."

"Uko msibani?"

"Bosi, nikueleze kidogo..."

"Unieleze nini, nakuona! Nakuona umesimama karibu na turubai! Kila simu Dar es Salaam ina hiyo picha. Mtandao mmoja umeandika 'Mtanzania auawa melini, kampuni yashiriki mazishi kwa siri.' Mimi asubuhi nimesimama mbele ya waandishi nikasema hakuna aliyekufa. Wake za mabaharia wa Tanga wako hapa getini sasa hivi, wanataka waume zao. Umefanya nini, mama?"

"Nilisema yuko hai."

"Na wao?"

"Wakaanza kulia."

Nasri alielewa. Mtu wa Ujiji hahitaji kutafsiriwa.

"Ulikwenda na nani?" aliuliza.

"Na mchungaji."

"Na nini kingine?"

"Mchele. Na sukari."

"Lo! Gaudensia. Lo!"

"Najua, bosi. Usiniambie, najua."

"Basi vunja hilo turubai."

"Nivunje turubai la watu? Mimi?"

"Fanya utakalo, lakini jua lisizame hapo bila wao kukana. Wakae mbele ya simu, waseme mtoto wao ni mzima."

"Hawawezi kusema wasichokiamini. Nipe sauti yake. Sauti tu. Aseme 'mayu', mama yake asikie. Anavyomwita mama yake ni hivyo, mayu. Basi, nitalivunja turubai kwa meno."

"Haiwezekani. Meli iko kimya."

"Najua iko kimya!"

Alijua kuliko mtu yeyote, maana mwongozo ule aliuandika yeye. Meli ikishashambuliwa, simu za mabaharia zinakusanywa. Hakuna baharia kupiga nyumbani, hakuna picha, hakuna ujumbe, mpaka meli itoke kwenye hatari, kwa sababu anayewinda meli husikiliza pia. Nahodha ana simu ya setilaiti, huwasiliana na Nasri kwa maneno machache na kuizima. Katika semina moja Gaudensia aliwahi kusimama mbele ya wakubwa akasema, kwa ile sauti yake nzuri, "Ukimya unaokoa maisha." Wakampigia makofi.

"Utanisamehe," Nasri alisema, akakata.

Gaudensia aliirudisha simu mfukoni. Nyuma yake aliisikia sauti ndogo.

"Dada."

Alikuwa Julieth, mke wa Zablon. Hakuwa analia. Alikuwa amekumbatia shati jeupe lililokunjwa vizuri, shati la kwaya.

"Dada, wameniomba hili shati. Baba Silasi anasema kama mwili haurudi, tuzike nguo yake, kusudi watoto wawe na mahali pa kwenda kusimama. Wanataka kuchimba leo, pale alipozikwa baba yake. Mimi nimekataa kulitoa."

"Umefanya vizuri. Usilitoe!"

"Wanasema nimechanganyikiwa." Julieth alimtazama usoni kabisa. "Mimi sijui habari za mjini. Ila nimekuangalia tangu ushuke kwenye gari. Hujakaa kama mtu aliyeleta msiba. Umekaa kama mtu anayegombana. Niambie tena, dada, mimi na wewe tu. Zablon wangu yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi nimekuamini. Wasinisogelee na jembe lao."

Mnaona, wasomaji wangu? Mtu mmoja tu katika kijiji kizima. Gaudensia alitaka kumkumbatia akalie begani kwake, yeye aliyekuja kufariji watu. Akajizuia.

"Kwani wakichimba tu, wakagundua kosa, si watafukia?" aliuliza.

Julieth alirudi nyuma hatua moja. "Dada, wewe si wa Tabora? Kwa ukoo huu, kaburi halifunguliwi likafukiwa tupu. Jembe likishapiga, ardhi imeambiwa inaletewa mtu. Usipoipa uliyemtaja, itajichagulia mtu yenyewe. Wachimbaji wote wanalijua hilo. Ndiyo maana wanalisubiri shati kwanza."

Gaudensia hakucheka. Angekuwa kwenye ofisi yake yenye kiyoyozi labda angecheka. Hapa aliwatazama vijana waliosimama nyuma ya nyumba na majembe yao, na Silasi mbele yao, akaona kwamba hakuna hata mmoja aliyegusa udongo. Wanamsubiri mwanamke mmoja aliyekumbatia shati.

Simu ililia tena. Nasri.

Safari hii aliongea polepole.

"Gaudensia. Nimekaa nikafikiri. Hebu nikumbushe. Aliyekuambia Zablon yuko hai ni nani?"

"Si wewe?"

"Nilikuambiaje? Maneno yenyewe."

"Ulisema ameumia, lakini anaendelea vizuri."

"Nilisema vizuri?"

"Ulisema..." Gaudensia alisita. "Ulisema anaendelea. Labda 'vizuri' niliiongeza mimi."

Aliisikia pumzi ya Nasri kwenye simu.

"Bosi, na wewe Kapteni alikuambiaje?"

"Ilikuwa haraka. Simu inakatika. Alisema... alisema, 'Yule kijana wa Tabora kaumia, hali yake si nzuri, lakini tuko naye.'"

Gaudensia alisogea hatua chache, Julieth asisikie.

"Kapteni ni mtu wa wapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Tanga. Mtu mzima. Mstaarabu sana. Gaudensia, hata habari za mama yangu mimi niliambiwa hivyohivyo. 'Hali yake si nzuri, lakini tuko naye.' Nikapanda treni kutoka Dar mpaka Kigoma na dawa mkononi. Nilifika wamekwisha mzika."

Haya sasa! Kapteni alisema si nzuri. Nasri akaisafisha kidogo akasema anaendelea. Gaudensia akaongeza vizuri. Kila mmoja alitia kijiko cha sukari akaipokeza mbele, mpaka chai ikafika Igalula tamu kabisa, na mwanamke aliyeionja mara moja akasema hii ni sumu. Je, kama Recheli ndiye peke yake aliyeisikia habari ilivyo?

"Mpigie," Gaudensia alisema kwa sauti kavu. "Kapteni. Sasa hivi."

"Mwongozo wako..."

"Mwongozo niliuandika mimi, naufuta mimi. Mpigie, niunganishe. Dakika moja."

"Akisikika huko nje? Wote wale melini?"

Swali hilo, msomaji, lilikuwa la haki. Kuna watu wengine kwenye meli ile, wana mama zao pia. Gaudensia alisimama akiwa ameshika simu kwa mikono miwili, na sijui mimi ningejibu nini.

"Na wale wa getini kwako?" alisema mwishowe. "Utawaambia waume zao wako hai? Kwa ushahidi gani? Bosi, kuanzia leo hakuna atakayetuamini kwa lolote, hata tukisema jua limechomoza. Tusikie kweli moja. Moja tu."

Nasri alishusha pumzi. "Nitajaribu. Kaa na simu mkononi."

Alipogeuka, Julieth alikuwa bado amesimama palepale. Hakuwa amesikia maneno. Alikuwa ameuona uso.

Msemaji mzuri hulindwa na uso wake. Gaudensia alikuwa na uso uliowahi kusimama mbele ya kamera wakati meli inaungua nyuma yake kwenye skrini, na haukutikisika. Lakini amechoka, nimekwisha waambia. Uso uliochoka hauna mlango.

"Dada," Julieth alisema. "Kumbe hata wewe hujui."

"Julieth, subiri. Anapigiwa Kapteni sasa hivi, subiri kidogo..."

"Hujui." Hakusema kwa ukali. Alilitazama shati, akalinyoosha kola kwa kidole, kama ambavyo hulinyoosha kila Jumapili. Kisha akatembea mpaka nyuma ya nyumba akampa Silasi.

Ndipo akalia. Yowe lake lilikuwa dogo kuliko la mama mkwe wake, na wale wanawake wote walinyamaza kulisikiliza.

Gaudensia alikimbia kwa Silasi. "Baba, nakuomba! Simu inakuja sasa hivi. Nahodha mwenyewe atasema. Msiguse ardhi, nakuomba kwa jina la Mungu."

Silasi alikuwa ameshika shati mkono mmoja na jembe mkono wa pili. Alionekana mzee ghafla.

"Mwanangu, mpaka lini? Jua linakwenda. Mama yake hajala, na ana presha. Kila ukisema yuko hai, unampiga upya. Huoni?"

"Simu moja, baba."

Mzee aliangalia shati. "Moja," alisema.

Nayo ikalia.

Gaudensia alikimbia mpaka kwenye mkeka wa Recheli, akapiga magoti, akafungua spika. Watu wote wakasogea. Mchungaji alivua kofia. Simu ilikoroma, ikapiga mluzi, kisha sauti ya mtu mzima ikatoka kwa mbali.

"Haloo? Ni nani mwenzangu?"

"Kapteni, naitwa Gaudensia, wa ofisini. Niko nyumbani kwa Zablon. Naomba unijibu, na usinifiche. Zablon yukoje?"

"Ahaa. Nyumbani kwake." Sauti ilipungua ukali, ikawa laini. Gaudensia alitamani isingekuwa laini. "Binti, hapo ulipo umekaa?"

Wanawake waliguna.

"Nimepiga magoti. Sema tu, Kapteni."

"Tafuta mahali ukae vizuri. Kuna mtu mzima hapo karibu?"

Basi tena! Mama mmoja alijifunika kanga usoni. Gaudensia, mwanamke aliyewahi kufundisha wengine namna ya kuzungumza, aligeuka kumtafuta mtu mzima wa kumpa simu.

Recheli ndiye aliyenyoosha mkono akaichukua simu. Alikuwa ametulia. Alikaa kama mtu aliyekwisha tua mzigo.

"Baba, mimi ndiye mama yake," alisema. "Mimi nimekwisha kaa. Nimekaa tangu asubuhi. Sema."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, pole sana. Ndege ile ilipiga jikoni. Zablon aliingia kwenye moto kumtoa mwenzake. Alimtoa. Mama, mwanao ni mwanaume." Simu ilikoroma. "...tumempa dawa tulizokuwa nazo... mpaka mchana alikuwa anataja mayu, mayu... Sasa amelala, mama. Amelala."

Uwanja mzima ulilipuka.

Yowe lile sitaki kulielezea. Julieth alianguka. Mchungaji alianza kuimba wimbo. Mwanamke aliyekuwa anafagia alitupa ufagio. Na katikati ya hayo yote Gaudensia aliinyakua simu kutoka kwenye mkono wa Recheli, akaiweka mdomoni, akapiga kelele ambazo hakuna mwongozo uliowahi kuziruhusu.

"Amelala vipi? Kapteni! Mimi nimechoka na maneno mazuri! Sitaki pole! Sema neno moja! Anapumua?"

Nyuma ya nyumba kulisikika mshindo. Mmoja tu, mzito, wa chuma kuingia kwenye udongo mkavu.

"Haloo?" Sauti ya Kapteni ilishangaa. "Anapumua, ndiyo, kwani mmedhani nini? Amelala usingizi. Nimetoka kumgeuza ubavu hivi punde, kaniomba maji. Ameungua mikono na kifua, anahitaji hospitali, lakini... Binti? Mbona hapo mnalia? Nani kafa?"

Simu ikakatika.

Kisha Julieth aliinuka, akacheka, akalia tena, akamshika Gaudensia shingoni karibu amnyonge. Mchungaji Masolwa alikaa chini kwenye vumbi na suti yake. Watu walianza kupiga vigelegele, kimoja hapa, kimoja pale, kwa woga, kama watu wanaojaribu daraja kwa mguu. Gaudensia, kwa mara ya kwanza tangu meli ipigwe, alilia kama mtu, kwa kamasi na kila kitu.

Basi ingekwisha hapo, nami ningekunywa chai yangu. Lakini vigelegele vilikufa kimoja kimoja, kuanzia upande wa nyuma ya nyumba.

Silasi alikuwa amesimama pembeni ya kaburi la kaka yake. Jembe lilikuwa limezama ardhini mpaka shingoni, na mpini umesimama wenyewe. Mikono yake miwili ilikuwa hewani, mmoja bado umeshika shati, mbali na ule mpini, kama mtu aliyeshika moto.

"Nilisikia amelala," alisema. "Nyote mmesikia. Alisema amelala."

Wale vijana walikuwa wamerudi nyuma wote, majembe yao begani. Yule aliyepiga picha alikuwa wa kwanza kuondoka.

"Baba Silasi," Gaudensia alisema, sauti bado ina machozi, "ni shimo dogo tu. Chomoa. Tufukie. Mchungaji ataomba."

Mchungaji alitazama pembeni.

"Ameungua kifua," Julieth alinong'ona. Furaha ilikuwa imemtoka usoni yote. "Dada, amesema ameungua kifua, anahitaji hospitali. Na huku tumeshaitajia ardhi jina lake."

Ndipo Recheli alipoinuka kwenye mkeka. Hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa hakuna aliyetegemea angeinuka. Alikung'uta vumbi kwenye kanga yake, akajifunga vizuri kiunoni kama mwanamke anayekwenda shambani, akapita katikati ya watu mpaka penye jembe. Alilichukua lile shati la kwaya mkononi mwa Silasi, akamrudishia Julieth. Kisha akakaa chini taratibu, ubavuni mwa kaburi la mumewe, akajinyoosha pale juu ya udongo uliofunguliwa na kuangalia juu.

"Shemeji," alisema, na sauti yake haikutetemeka, "waite hao vijana waendelee kuchimba. Ila wasichimbe kwa kipimo cha Zablon. Mimi ni mfupi."